Sikio Halidanganywi kwa Nguvu: Mwendo wa Bandia katika Simuleta

Dakika chache baada ya saa sita usiku, tarehe 5 Mei 2007, ndege ya Kenya Airways aina ya Boeing 737-800 iliruka kutoka Douala, Kamerun, kuelekea Nairobi. Anga ilikuwa na mvua ya radi, giza lilikuwa totoro, na nje ya madirisha hapakuwa na taa wala upeo wa macho ambao jicho lingeweza kuushika. Muda mfupi baada ya kuruka, ndege ilianza kulalia upande wa kulia, polepole mno. Mtambo wa kujiendesha, ambao ulidhaniwa kuwa umepokea kazi, haukuwa umewashwa. Bawa la kulia liliendelea kushuka bila kusahihishwa mpaka king'ora cha onyo kilipolia, na ndipo mkanganyiko ulipozidi. Watu wote 114 waliokuwamo walipoteza maisha. Uchunguzi rasmi ulihitimisha kwamba marubani walipoteza udhibiti wa ndege kwa kupotewa na mwelekeo, baada ya mzunguko mrefu wa polepole ambao haukutambuliwa, huku vipimo vilivyokuwa mbele yao havikutazamwa.

Ajali hiyo hukumbukwa zaidi na watu wa anga kuliko watu wa tiba. Hata hivyo, kiini chake ni suala la tiba: sikio la binadamu halihisi mzunguko ulio wa taratibu kupita kiasi fulani. Udhaifu huo huo, uliochangia vifo vya watu 114, ndio unaotumiwa kila siku na wahandisi wanaotengeneza majukwaa ya mwendo ya simuleta, yaani mashine zinazoigiza safari ya ndege au gari kwa ajili ya mafunzo. Jukwaa linalosifiwa kuwa la kweli ni lile linalojua sikio linahisi nini na halihisi nini. Hoja ya makala haya ni kwamba uhalisia wa mwendo wa bandia haupatikani kwa kutikisa zaidi; hupatikana kwa kulitii sikio. Ikiwa ndivyo, basi tabibu ana nafasi yake katika jambo hili, na mgonjwa wa kizunguzungu naye ana la kujifunza.

Sikio linapima nini

Wengi hulijua sikio kama kiungo cha kusikia. Ndani kabisa, katika mfupa wa kichwa, kila sikio lina sehemu nyingine isiyosikia chochote, ambayo kazi yake ni kupima mwendo. Sehemu hiyo ina mifereji mitatu ya nusu duara iliyojaa umajimaji. Kichwa kinapogeuka, ukuta wa mfereji hugeuka nacho, lakini umajimaji huchelewa kidogo, na kule kuchelewa huinamisha vinyweleo vinavyopeleka taarifa kwenye ubongo. Mzunguko ukiendelea kwa mwendo uleule, umajimaji huufikia ukuta, vinyweleo husimama tena, na hisia ya kuzunguka hufifia ndani ya nusu dakika hivi hata kama mtu bado anazunguka. Mzunguko ukianza taratibu sana, vinyweleo haviinami kiasi cha kutosha, na mtu hajui kwamba amegeuzwa.

Kando ya mifereji hiyo kuna vifuko viwili. Ndani yake mna utando laini uliobeba chembe ndogo za kalisi, za jamii ya chokaa. Chembe hizo ni nzito kuliko umajimaji unaozizunguka, kwa hiyo huteleza kidogo kichwa kinapoinama, na huteleza vivyo hivyo mwili unaposukumwa mbele au kurudishwa nyuma. Hapa ndipo ilipo siri kubwa. Vifuko hivyo havina uwezo wa kutofautisha kuinama na kusukumwa. Abiria wa basi linaloondoka kwa kasi na mtu aliyelazwa kidogo kwenye kiti cha kinyozi hupata taarifa ileile kutoka kwenye vifuko hivyo. Ubongo huamua ni lipi kati ya hayo mawili kwa kuuliza macho, misuli, ngozi ya mgongo na kumbukumbu.

Hila ya jukwaa

Jukwaa la kawaida la simuleta husimama juu ya jeki sita zinazorefuka na kufupika. Umbo hilo lilitumiwa na mhandisi Eric Gough katika kupima matairi nchini Uingereza miaka ya 1950, na mwaka 1965 D. Stewart alilieleza katika andiko lililompa jina linalotumika mpaka leo. Jeki sita zikiamriwa na kompyuta huweza kulisogeza jukwaa mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini, na kuliinamisha na kuligeuza kwa namna tatu. Kinacholishinda jukwaa ni kwenda mbali, kwa kuwa jeki ni fupi.

Hesabu ndogo inaonyesha ukubwa wa tatizo. Gari linalotoka kusimama hadi kilometa 100 kwa saa ndani ya sekunde 10 husafiri karibu mita 140 katika muda huo. Jukwaa lenye nafasi ya mita moja na nusu likijaribu kumpa dereva msukumo uleule kwa kusogea mbele, litaimaliza nafasi yake yote ndani ya sekunde moja. Sekunde tisa zilizobaki hazina pa kwenda.

Hapo ndipo udhaifu wa vifuko vya sikio unapotumiwa. Jukwaa husogea mbele kwa muda mfupi ili dereva ahisi mwanzo wa msukumo, kisha huinuliwa upande wa mbele ili uzito wa mwili wake uegemee kiti. Picha iliyo mbele yake inaonyesha barabara iliyonyooka inayokimbia, na ubongo hukubali kwamba gari linaongeza kasi. Wakati huohuo jukwaa hurudi katikati kimyakimya, likijiandaa kwa msukumo unaofuata. Ili dereva asitambue kwamba anainamishwa, mwinamo huo hufanywa taratibu; kipimo kinachotumika sana ni takribani digrii 3 kwa sekunde. Kwa maneno mengine, mbinu inayomfanya mwanafunzi aione simuleta kuwa ya kweli ni ndugu wa kile kilichotokea juu ya Douala: mwili unageuzwa na mwenye mwili hana habari.

Hila hiyo ina gharama. Msukumo wa gari la mfano wetu unahitaji mwinamo wa digrii 16 au 17. Kwa digrii 3 kila sekunde, jukwaa litachukua zaidi ya sekunde tano kufika huko, ilhali nafasi ya kusogea mbele imekwisha katika sekunde ya kwanza. Katikati panabaki pengo ambamo macho yanaona gari likikimbia na sikio halipati kitu. Mhandisi akiharakisha mwinamo ili kuziba pengo, mifereji ya nusu duara itamsaliti, na dereva atahisi kwamba kiti kinabinuka. Akichelewesha, dereva atahisi kwamba gari halina nguvu. Kazi yote ya kulirekebisha jukwaa ni kuchagua kosa lipi sikio litalisamehe.

Mwendo mdogo ulio sahihi

Kosa la kawaida la wanunuzi, na pengine la baadhi ya watengenezaji, ni kudhani kwamba jukwaa likitikisika sana ndilo bora. Majaribio ya simuleta za magari yameonyesha kwamba watu wengi huona mwendo uliopunguzwa kuwa wa kweli zaidi kuliko mwendo uliotolewa kwa kipimo kamili. Sababu inaeleweka. Mwendo mdogo huacha makosa madogo, na ubongo uko tayari kuongeza wenyewe kilichopungua endapo mwelekeo na wakati ni sahihi. Mwendo mkubwa wenye makosa makubwa hauachi nafasi ya kusamehe.

Wakati una uzito kuliko ukubwa. Kanuni za usafiri wa anga kwa simuleta za daraja la juu huweka kikomo cha ucheleweshaji kati ya tendo la rubani na itikio la mashine katika milisekunde 100 hadi 150. Hilo si jambo la urembo. Picha ikitangulia mwendo, au mwendo ukitangulia picha, ubongo hupokea mashahidi wawili wanaopingana, na mwili hujibu kwa jasho jembamba, mate kujaa kinywani, kichwa kuuma na kichefuchefu. Hivyo basi, jukwaa lililorekebishwa vibaya ni baya kuliko kiti kilichotulia. Kiti kilichotulia hunyamaza. Jukwaa bovu husema uongo kwa sauti.

Wenye fedha wamejaribu kuikwepa hila hiyo kwa kujenga mashine kubwa. Katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, ipo simuleta ya gari ambayo chumba chake husafirishwa juu ya reli katika uwanja wa takribani mita 20 kwa 20. Huko Soesterberg, Uholanzi, ipo mashine iitwayo Desdemona inayoweza kumzungusha rubani kwenye mkono mrefu na kumpa uzito mara tatu ya ule wa kawaida kwa muda mrefu, jambo ambalo jeki sita haziwezi. Mashine kama hizo ni chache, na hazitakuwa za kila chuo. Chuo chenye jukwaa dogo kinapaswa kujua mipaka ya jukwaa lake badala ya kujifanya kwamba mipaka hiyo haipo.

Hoja ya wanaopinga mwendo

Wapo wanaosema kwamba majukwaa ya mwendo hayana faida yoyote, na hoja yao haifai kupuuzwa. Tafiti zilizofanywa kwa ajili ya mamlaka ya anga ya Marekani kwa marubani wazoefu zilipata ushahidi mdogo kwamba waliofunzwa kwenye jukwaa linalosogea walifanya vizuri kuliko waliofunzwa kwenye kiti kilichotulia chenye picha bora. Kwa nchi ambazo kila dola ya mafunzo ni ya kutafutwa, hilo ni jambo la kutafakari.

Hata hivyo, inafaa kutenganisha aina mbili za mwendo. Upo mwendo unaotokana na mkono wa rubani mwenyewe: anageuza usukani, na ndege inageuka kama alivyotarajia. Mwendo huo haumwambii jipya. Upo pia mwendo unaokuja bila kuitwa: injini moja kuzimika wakati wa kuruka, upepo kubadilika ghafla, tairi kupasuka. Hapa mwili ndio mjumbe wa kwanza. Mgongo na sikio huweza kutoa habari kabla ya jicho kuipata kwenye kipimo. Kwa mafunzo ya dharura za namna hiyo, na kwa wanafunzi ambao bado hawajajenga mazoea, mwendo una thamani. Jukwaa basi linastahili kununuliwa kwa ajili ya habari linayompa mwanafunzi. Msisimko wa kupanda juu yake ni wa uwanja wa michezo.

Lipo pia somo la pili, ambalo historia inalitaja waziwazi. Simuleta ya kwanza kupata umaarufu ilitengenezwa na Edwin Link huko Binghamton, New York, mwaka 1929, kwa mifuko ya hewa na pampu za kiwanda cha baba yake kilichokuwa kikitengeneza piano na vinanda. Jeshi la Marekani lilianza kuinunua mwaka 1934, baada ya marubani wake kadhaa kufa walipopewa kazi ya kubeba barua katika hali mbaya ya hewa. Kisanduku cha Link kilifunikwa, na mwanafunzi hakuona nje. Alifundishwa kuamini vipimo na kuutilia shaka mwili wake. Tangu mwanzo, basi, mashine hii ilikuwa shule ya kumfahamisha mtu kwamba sikio lake linaweza kukosea. Simuleta za leo ni nzuri sana katika kulidanganya sikio, na ni rahisi kusahau kumwonyesha mwanafunzi kwamba amedanganywa. Chuo chochote chenye jukwaa kinaweza kutenga dakika chache: kumwinamisha mwanafunzi polepole akiwa amefumba macho, kumwuliza amekaaje, kisha kumwambia afumbue macho na kutazama kipimo. Aibu ya dakika hiyo ni kinga ya maisha yote.

Anayeugua ndani ya simuleta

Kichefuchefu cha simuleta kimejulikana tangu miaka ya 1950, kilipoandikwa kwa mara ya kwanza kwa waliofunzwa kwenye simuleta ya helikopta. Maelezo yanayokubalika zaidi ni ya mgongano wa hisi: macho yanasema hili, sikio linasema lile, na kumbukumbu ya rubani inasema la tatu. Ndiyo maana wazoefu, ambao miili yao inajua mwendo wa kweli ulivyo, mara nyingi huugua zaidi kuliko wanafunzi wapya. Jambo hilo huwashangaza wakufunzi na kuwaaibisha wazoefu bila sababu.

Ushahidi wenye nguvu juu ya nafasi ya sikio ulitolewa na wanaume kumi na mmoja viziwi wa Chuo cha Gallaudet, Marekani, walioshiriki majaribio ya kituo cha tiba ya anga cha jeshi la majini huko Pensacola kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950. Wote walikuwa wamepoteza hisi ya mwendo ya sikio la ndani, na kumi kati yao ziwi lao lilitokana na homa ya uti wa mgongo utotoni. Walizungushwa, walirushwa angani, walipelekwa kwenye bahari iliyochafuka, wala hawakuugua, huku baadhi ya watafiti waliokuwa nao melini wakizidiwa. Habari hiyo inapaswa kumgusa kila mhudumu wa afya katika nchi ambako homa ya uti wa mgongo bado inaacha watoto na ulemavu. Asiyeugua si lazima awe mzima kuliko wenzake. Huenda amepoteza kile kinachowaumiza wengine. Mtoto aliyepona homa hiyo, au mgonjwa aliyechomwa sindano za streptomaisini au jentamaisini kwa muda mrefu, anaweza kutembea vizuri mchana na kuyumba gizani, kwa sababu amebaki na macho tu kama shahidi wake. Ni haki yake kuulizwa.

Vivyo hivyo kwa mama mtu mzima anayefika kliniki na kusema kwamba nyumba inazunguka kila akigeuka kitandani. Huyo ana simuleta mbovu ndani ya kichwa chake: chembe za kalisi zimetoka kwenye kifuko na kuingia kwenye mfereji, nazo zinatoa taarifa ya mwendo usiokuwapo. Mara nyingi hupimwa malaria, hupimwa shinikizo la damu, kisha huambiwa kwamba ana mawazo mengi. Kumbe anaweza kutambuliwa kwa kulazwa haraka huku kichwa kimegeuzwa upande, na kutibiwa kwa kukigeuza kichwa hatua kwa hatua mpaka chembe zirudi mahali pake, bila dawa na bila gharama. Anayeelewa kwa nini rubani mwenye afya hutapika kwenye jukwaa lililochelewa kidogo hatamwambia mama huyo kwamba anajifanya.

Kinachopaswa kufanyika

Vyuo vya urubani na vya udereva vinavyotumia simuleta zenye mwendo vinapaswa kuwa na kanuni za afya zilizoandikwa. Vipindi vya kwanza viwe vifupi na vitenganishwe kwa siku, maana ubongo huzoea mgongano ukipewa muda. Mwanafunzi aruhusiwe kusimamisha mashine bila kupoteza alama. Anayetoka na kizunguzungu asiendeshe gari, asipande bodaboda wala asipande ndege kama rubani mpaka dalili ziishe kabisa, kwa kuwa baadhi ya watu huendelea kuyumba kwa saa kadhaa. Dawa za kuzuia kichefuchefu cha safari zisimezwe kabla ya mafunzo kwa siri. Nyingi kati yake huleta usingizi, na mwanafunzi anayesinzia hajifunzi wala hafai kuwa barabarani jioni hiyo.

Wanaonunua majukwaa wanapaswa kuuliza maswali machache kabla ya kulipa. Ucheleweshaji kati ya picha na mwendo ni milisekunde ngapi? Mwendo unaweza kupunguzwa kwa ajili ya wanaoanza? Nani atalirekebisha jukwaa baada ya mwaka, jeki zitakapoanza kuchakaa? Mtoa huduma asiyeweza kujibu anauza kitu cha kutikisa watu. Katika meza hiyo akae pia mtu anayelijua sikio la ndani, awe daktari wa masikio au wa tiba ya anga.

Wahudumu wa afya, kwa upande wao, waongeze swali moja kwa kila mtu anayelalamika kizunguzungu: je, kinakuja unapojigeuza, unapokuwa gizani, au unapotazama vitu vinavyosogea? Majibu hayo matatu hayana maana moja, na kila moja lina njia yake. Mgonjwa naye asiridhike na jibu la kwamba ni uchovu tu. Ataje dawa alizochomwa, homa alizougua utotoni, na kile hasa anachohisi kikizunguka: yeye mwenyewe, au dunia iliyo mbele yake.